Kisahani cha Mjusi

Mtu aliyeitafuta nyumba ya Mama Kidoti hakuhitaji kuuliza. Alifuata pua yake tu. Asubuhi yote nyumba ile ilinukia nanasi na sukari, kwa sababu Mama Kidoti alikuwa mpika sharubati. Alimenya mananasi, akayaponda, akayachemsha, akayachuja kwa kitambaa cheupe. Sharubati ikipoa, aliijaza kwenye chupa na kuzipanga ndani ya kreti. Mwenye duka alikuja kuzichukua.

Kazi hii aliifanyia katika chumba cha nyuma. Palikuwa na jiko la mkaa, meza ndefu, na dirisha lililotazama migomba. Dirisha lilikuwa na ukingo mpana wa saruji, na jua la asubuhi lilipenda kukaa hapo.

Mtu mwingine aliyependa ukingo ule ni Kidoti mwenyewe. Alikuwa na miaka minne, na alama ndogo nyeusi shavuni iliyompa jina hilo. Kila mama yake alipomaliza kupika, alikwangua utamu uliobaki chini ya sufuria, akauweka kwenye kisahani, na kukiweka pale ukingoni.

"Subiri kipoe," mama alisema.

Kidoti alisubiri mikono nyuma, kama askari wa zamu. Kikipoa, alikilamba mpaka kikang'aa. Siku ambayo hakukuwa na kisahani, majirani wote walijua, maana kilio chake hakikuwa cha siri.

Basi palikuwa na mlambaji wa pili. Huyu hakualikwa.

Alikuwa mjusi mdogo, urefu wake kama kidole. Si yule mjusi mweupe wa usiku anayekaa karibu na taa. Huyu alikuwa wa kijani kibichi, mwenye madoa mekundu mgongoni, na alitembea mchana kweupe. Aliishi kwenye migomba pamoja na wenzake. Harufu ya sukari ikitoka, naye anaingia. Alilamba kitambaa cha kuchujia. Alilamba midomo ya chupa. Akishiba, alijilamba macho kwa ulimi wake mwenyewe, kisha akaota jua kama mwenye nyumba.

"Huyo ana sumu," alisema Bibi, mama yake Baba Kidoti, ambaye aliishi nao. "Akilamba chakula, mwenye kukila ni wa kuzikwa. Mimi nimeambiwa na mama yangu."

"Sasa mama, nifanyeje? Nikimfukuza huku, anatokea kule."

"Muue."

Mama Kidoti alijaribu. Alipiga ufagio, akapiga kandambili. Alivunja chupa mbili na kumwaga sufuria moja. Mjusi alikuwa kwenye dari, anamtazama.

Jirani yao mmoja alikuwa muuguzi wa zahanati. Mtaa mzima ulimwita Sista. Siku moja alipita, akaona vita ile, akacheka.

"Mama Kidoti, kwa nini usifunike tu sharubati yako?"

"Dada, sharubati ya moto haifunikwi. Mfuniko unatoa jasho, jasho linadondokea ndani, sharubati inachacha. Hiyo kazi niachie mimi."

Sista hakubishana. Kila mtu na kazi yake.

Kisha ikaja siku mbaya. Mwenye duka alikuja kuchukua kreti zake, na mgeni mmoja nyuma yake. Mjusi alikuwa ametulia juu ya kitambaa cha kuchujia, ulimi nje.

"Mama Kidoti," alisema mwenye duka, "siku hizi sharubati yako ina kitoweo?"

Walicheka wote. Lakini kreti aliziacha palepale. Jioni alituma ujumbe kwamba asipelekewe tena mpaka atakaposema mwenyewe. Mama Kidoti alikaa kwenye kigoda chake, akazitazama chupa zilizojaa. Kazi yake ya mikono miaka yote, leo imeharibiwa na kitu kisichofika uzito wa kijiko.

Baba Kidoti alifanya kazi ya kupulizia dawa mashamba ya mboga ya watu. Alibeba bomba mgongoni kutwa nzima. Dawa kali ya kuua wadudu ilikaa shambani kwa mwenye mali, lakini yeye alikuwa amemimina kidogo kwenye chupa ya soda, akaileta nyumbani kwa ajili ya kunguni. Chupa ilikaa nyuma ya mlango wa stoo. Haikuwa na karatasi wala alama yoyote. Kila mtu mzima pale nyumbani alijua ni nini, na waliona hiyo inatosha.

Asubuhi iliyofuata Mama Kidoti alikwangua sufuria. Utamu ulikuwa kidogo. Aliuweka kwenye kisahani, akaenda nyuma ya mlango wa stoo, akarudi na ile chupa ya soda. Akamimina, akakoroga kwa kijiti.

"Unapenda tamu, siyo?" aliuambia ukuta. "Haya. Leo utakula tamu."

Akakiweka kisahani ukingoni mwa dirisha, pale pale ambapo mjusi alizoea kupita. Hakukumbuka kwamba ni pale pale ambapo mtu mwingine pia alizoea kusimama. Au tuseme alikumbuka kidogo, maana alimwita mtoto.

"Kidoti, hiki usikiguse. Umesikia? Hiki ni cha mjusi."

"Na changu kiko wapi?"

"Chako leo hakuna. Nenda kacheze."

Kidoti alitazama kisahani. Akamtazama mama yake. "Mjusi anapewa, mimi sipewi?"

Bibi alicheka sana. "Jamani! Mtoto anamwonea mjusi wivu!"

Mama Kidoti naye alitabasamu. Akachukua chupa tupu, akaenda bombani nje kuzisuuza. Maji yalitoka taratibu siku hiyo, na Bibi alimfuata kumsaidia. Walizungumza habari za mwenye duka na ubaya wake. Chupa zilikuwa nyingi.

Aliporudi, kitu cha kwanza alichoona ni mjusi. Alikuwa chali ukingoni, tumbo juu, rangi yake imegeuka kuwa ya matope. Mama Kidoti alifurahi. Ndiyo, alifurahi, na tusimfichie.

Kisha akaona kisahani. Kilikuwa kitupu, kinang'aa kama kimeoshwa. Mjusi wa urefu wa kidole hawezi kumaliza kisahani. Chini ya dirisha kreti ilikuwa imesogezwa na kugeuzwa kuwa ngazi.

"Kidoti!"

Mtoto alikuwa chini ya meza. Mate yalimtoka mdomoni kama povu. Nguo ilikuwa imelowa jasho, na mikono ilimtetemeka yenyewe.

"Mama," alisema kwa shida, "tumbo."

Mama Kidoti alipiga ukelele ambao watu wa mtaa ule hawataki kuusikia tena. Bibi alikuja mbio. "Maziwa! Lete maziwa! Sumu inakatwa na maziwa!" Huku anasema, alikuwa amekwisha kumwinamisha mtoto na kumtia kidole mdomoni. "Tapika, mjukuu wangu. Tapika!"

"Acha, Bibi! Toa kidole!"

Alikuwa Sista. Alikuwa amevaa sare yake, anaelekea kazini, na ukelele ule ulimkuta mlangoni. Alimchukua mtoto mikononi mwa Bibi, akamlaza ubavu ili mate yatoke nje yasimrudie kooni.

"Asipewe maziwa. Asipewe chochote. Na msimtapishe. Amekula nini?"

Mama Kidoti alionyesha dirisha kwa kidole.

"Amekula nini, Mama Kidoti? Sema!"

"Dawa. Dawa ya wadudu. Niliiweka mimi."

Sista hakumwambia pole, wala hakumkemea. Hapakuwa na nafasi ya maneno hayo. Alimvua mtoto nguo zilizolowa, akamfuta mdomo na kumwosha mikono kwa maji na sabuni. "Leteni hiyo chupa ya dawa," alisema. Wakampa ile chupa ya soda. Akaigeuza huku na huku. "Hii ni soda. Jina la dawa liko wapi?"

Hakuna aliyelijua.

Mtu mmoja mwenye pikipiki alisimamishwa barabarani. Sista alipanda nyuma na mtoto amemfunga kifuani. Mama Kidoti alibaki akikimbia nyuma yao kwa miguu, bila viatu, mpaka vumbi likaisha na hakuwaona tena. Akaendelea kukimbia.

Hospitali ilikuwa na korido ndefu yenye mabenchi ya mbao. Mama Kidoti alifika, akaambiwa akae. Mlango ulikuwa umefungwa. Alisikia mashine ikilia ndani, na sauti za watu wazima wakisema haraka haraka. Hakusikia sauti ya mtoto.

Baba Kidoti aliitwa kutoka shambani. Alikuja na harufu ya kazi yake mwilini. Daktari alitoka kumwuliza.

"Wewe ndiye uliyeleta dawa nyumbani? Inaitwaje?"

"Daktari, ni ya wadudu. Ya mboga."

"Ziko nyingi. Tumeanza kumtibu kwa dalili tunazoziona, lakini nataka nijue ni ipi hasa. Chupa yake ya asili iko wapi? Ile yenye maandishi?"

"Iko shambani."

"Kailete."

Baba Kidoti alitoka mbio. Miaka mingi alikuwa ameishika dawa ile na kuibeba mgongoni, na hakuwahi kusoma karatasi iliyobandikwa. Siku hiyo aliibeba kama mtu aliyebeba yai. Daktari alisoma, akatikisa kichwa, akarudi ndani na kufunga mlango.

Walisubiri. Jua lilihama kutoka benchi moja hadi benchi jingine. Bibi alikaa mbali kidogo, ukingo wa kanga mdomoni. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Mjusi yule ndiye kaniponza," Mama Kidoti alisema mwishowe. "Ana sumu yule. Alikuja kuniharibia nyumba."

Sista alikuwa ametoka ndani ili apumzike kidogo. Alikaa karibu naye.

"Mama Kidoti, nitakwambia ukweli, na utauma. Mjusi yule hana sumu. Haumi, hatemi kitu. Kazi yake ni kula mbu na nzi, na kulamba maji matamu ya maua. Sharubati yako aliiona ni ua kubwa. Na wale wa madoa mekundu ni wa kisiwa hiki tu. Ukivuka bahari huwapati popote."

"Mbona Bibi alisema—"

"Bibi aliambiwa, na aliyemwambia aliambiwa. Sisemi mjusi aachwe akanyage chakula. Mjusi anatoka huku na huko, miguu yake ina uchafu kama ya nzi, na kinyesi chake kinaweza kuleta ugonjwa wa tumbo. Ndiyo maana nilikwambia funika. Lakini sumu iliyoingia nyumbani mwako haikuingia kwa miguu minne."

Mama Kidoti aliinamisha kichwa. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Siku ile aliujua uzito wa maneno hayo. Alilia bila sauti, machozi yakidondoka sakafuni kati ya miguu yake iliyojaa vumbi na damu.

"Na mimi?" aliuliza Bibi kwa sauti ndogo. "Nilipomtia kidole?"

"Bibi, wengi wanafanya hivyo. Lakini mtu aliyekula sumu ukimtapisha, matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu, akashindwa kupumua. Na sumu nyingine zinaunguza koo mara ya pili zikirudi. Maziwa nayo hayakati sumu. Yanakupotezea muda tu. Mlaze ubavu, mvue nguo zenye dawa, mwoshe, chukua chupa ya dawa, kimbia hospitali. Basi."

Bibi aliitazama mikono yake kama mikono ya mtu asiyemjua.

Kidoti hakufa. Tuseme hivyo mapema, msomaji apumue. Lakini usiku ule na usiku uliofuata hakuna aliyeweza kusema hivyo. Alilala na mrija puani na sindano mkononi. Mara mbili waliitwa waingie, na kila mara walidhani wameitwa kuaga. Alipofumbua macho hakumjua baba yake. Alipomjua, hakuwa na nguvu ya kunyanyua mkono.

Waliporudi nyumbani, mtoto alikuwa amebaki macho na mifupa. Alizishika kuta akitembea, kama mzee.

Kitu cha kwanza alichofanya Baba Kidoti ni kuondoa dawa. Hakuimwaga mferejini, maana Sista alimwonya kwamba ingefika kwenye maji ya wengine. Aliirudisha kwa mwenye shamba, na ile chupa ya soda akaitoboa ili mtu asije akaiokota na kuitia maji ya kunywa. Alimwomba mwenye shamba kabati lenye kufuli. Dawa ikakaa humo, kila moja ndani ya chupa yake yenye maandishi. Baba Kidoti alianza kuoga na kubadilisha nguo hukohuko kazini. Nyumbani hakikuingia tena hata kitone. Kunguni waliuawa kwa maji ya moto na kuanika magodoro juani. Ni kazi ndefu. Hakuna aliyelalamika.

Na sharubati? Sista alikuja na kipande cha chandarua kipya, kisichotiwa dawa.

"Ulisema mfuniko unatoa jasho. Ni kweli, nimekuamini. Sasa jaribu hiki. Tandika juu ya sufuria, funga kwa kamba pembeni. Mvuke unatoka, nzi haingii, mjusi haingii."

Mama Kidoti alikifunga. Sharubati ilipoa vizuri. Haikuchacha. Kitu chepesi kama kile, na kingeweza kufungwa tangu siku ya kwanza. Wazo hilo lilimkaa moyoni kama jiwe, na halikutoka.

Ukingo wa dirisha ulikaa mtupu muda mrefu. Mijusi wa migombani walikuwa wamepungua, pengine wengine nao walikilamba kisahani kile, na nzi waliongezeka mpaka wakawa kero. Baadaye mmoja wa kijani alitokea tena, mdogo sana, akasimama juani. Mama Kidoti alimtazama, akarudi kwenye sufuria yake. Mwenye duka alikuja, akaona nyavu na chupa zilizofunikwa, akabeba kreti bila mzaha. Watu walimpongeza Mama Kidoti kwamba mambo yamekuwa mazuri.

Lakini hayakuwa mazuri. Kidoti alikuwa hapokei kitu mkononi mwa mama yake.

Alianza siku ile ile ya kurudi. Mama alimpa kikombe cha maji. Mtoto alikitazama, akaweka mikono nyuma.

"Hii ya nani?"

"Yako, mwanangu."

"Siyo ya mjusi?"

"Siyo ya mjusi."

"Nilikula ya mjusi," alisema Kidoti, na midomo ikaanza kumcheza. "Nilikula ya mjusi, ukanikasirikia."

Mtoto alikuwa ameelewa hivyo. Alidhani maumivu yale yote yalikuwa adhabu ya kula kisichokuwa chake. Mama Kidoti alimwambia sivyo. Alimwambia kosa lilikuwa la mama. Alimwambia mara nyingi, amepiga magoti, mpaka Baba Kidoti akamnyanyua. Mtoto alisikiliza, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Kesho yake aliuliza tena.

"Huu uji wa nani?"

Mkononi mwa baba alipokea. Mkononi mwa Bibi alipokea. Mkononi mwa mama yake aliuliza kwanza.

"Atasahau," alisema Baba Kidoti.

Sista alisema tofauti. "Usimlazimishe, na usimdanganye. Mbele yake, onja wewe kwanza. Kisha mpe. Kila siku."

Basi ikawa hivyo. Mama Kidoti alionja maji. Alionja uji, chai, hata dawa ya kikohozi. "Hii yako," alisema. Kidoti alimtazama mdomoni mpaka ameze, kisha ndipo alipopokea kikombe. Mvua zilikuja na kupita hivyo. Mtoto alinenepa, akaanza kukimbia. Aliachana na kuta. Swali hakuliacha.

Ikawa mchana mmoja wa joto. Mama Kidoti alikuwa anasuuza chupa, Bibi anafagia uani. Mama alijitekea maji kwenye kikombe ili anywe. Kabla hajakifikisha mdomoni, Kidoti aliingia mbio kutoka kucheza, anahema, jasho limemjaa usoni. Akakichukua kikombe mkononi mwa mama yake. Akainua kichwa, akanywa yote mpaka chini, maji yakamwagika kidevuni. Akamrudishia kikombe, akatoka mbio vilevile alivyoingia.

Mama Kidoti alisimama na kikombe kitupu. Akakaa chini pale pale kwenye maji.

Bibi aliacha kufagia. "Kuna nini tena? Unalia nini?"

"Amekunywa, mama."

"Sasa mtoto akinywa maji ndiyo ulie?"

"Hajauliza," alisema Mama Kidoti. "Amekunywa, mama. Hajauliza."